Maziwa Nusu Tangi

Mpendwa mshauri, naomba msaada kwa jambo ambalo hata mume wangu sijamweleza. Mimi ni mhandisi hapa Trondheim, kazi yangu ni kupiga hesabu kwa kompyuta kuona kimiminika kinavyosukwasukwa ndani ya tangi lori linapokata kona, na mwaka juzi tuliletewa mchoro wa tangi jipya la maziwa, nikalijaribu likiwa limejaa, likatulia, nikalijaribu likiwa nusu, maziwa yote yakahamia upande mmoja na lori likapinduka, tena kwa mwendo wa kawaida tu, nikarudia mara sita nikidhani nimekosea, jibu lile lile, nikamwambia bosi wangu Eskil tangi linahitaji kuta za ndani za kuvunja mawimbi, akacheka, "Dada, tumeulizwa tangi lililojaa, hizo kurasa za nusu toa," nami nikazitoa, nikatia sahihi ripoti, na tangi likaundwa hivyo hivyo. Mshauri, lori la maziwa huzunguka shamba hadi shamba, haliwezi kukosa kuwa nusu, na hilo nililijua. Mwezi wa pili lori moja lenye tangi hilo lilipinduka konani likiwa nusu, na dereva ni Asbjørn, jirani yangu anayetuondolea theluji mlangoni, amekatwa mguu na sasa anashtakiwa kwa kwenda kasi. Nilipokwenda kumwona, mkewe Gunnvor alimfokea mbele yangu, "Si ungepunguza mwendo, wewe mwanamume!" naye akainamisha kichwa, "Labda nilikimbia kweli, sikumbuki," nami nikamaliza kahawa yao nikaaga. Kesi ni wiki ijayo, na Eskil anasema nikifungua mdomo sitaajiriwa tena nchi hii. Nifanyeje?

Aliyetia Sahihi, Trondheim

Aliyetia Sahihi, pole, ila pole kubwa nimemwekea Asbjørn. Bosi alikuamuru, sawa, lakini kalamu uliishika wewe. Umemwacha mtu aliyepoteza mguu ajisute mbele ya mkewe, na ukweli umeukalia! Aibu hiyo ni yako, usimtupie Eskil yote.

Leo hii, kabla hakijafutwa kitu, chukua hesabu zote za tangi likiwa nusu uzipeleke polisi na kwa wakili wa Asbjørn. Pigia chama chako cha wafanyakazi wakupe mwanasheria. Mumeo mwambie leo pia. Kazi huenda ukaipoteza, sitakudanganya.

Kisha kagonge kwa jirani. Usilie, asije akalazimika kukubembeleza wewe. Mwambie, Gunnvor akisikia: "Kosa si lako. Lori lile lingepinduka hata kwa mwendo wa kawaida, hata kwa dereva mwingine." Wakikufukuza, ondoka, na mahakamani uende vilevile.