Jogoo wa Krismasi

Nairobi, 6 Machi 1994

Mama mpendwa,

Salamu hizi zikukute umeketi, si shambani. Mimi ni mzima. Goti je?

Juzi mimi na Philip, mwenzangu wa gazetini, tuliona filamu ya zamani. Waandishi wawili, vijana kama sisi, wanachimba uovu wa mkubwa wa nchi. Hawana bunduki, wana kalamu na miguu. Wanabisha mlango hadi mlango. Watu wanawaogopa. Lakini wakipewa kiti wanakaa, wakipewa mkate wanakula polepole, na mwenye nyumba, kwa kuwa ameshawalisha, anaanza kuongea mwenyewe. Mwishowe mkubwa anaanguka! Nami nimeanza kuuliza ni malori ya nani yanayobeba miti ya msitu wetu wa Buyangu.

Mwanao,
Were


Kakamega, 20 Machi 1994

Kwako Were, baba yangu,

Unakula? Goti linaumanga tu mvua ikikaribia, usijali. Miwa bado inangoja kukatwa.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mimi sinema najua ile moja tu, ya gari lililokuja uwanja wa shule, wakatundika shuka, wakatuonyesha mwanamke anafua na sabuni. Sikujua kuna ya kuangusha wakubwa. Sasa niambie, hao vijana walikuwa na mama? Mama alisema nini?

Malori ni ya mheshimiwa, kila mtu hapa anajua. Akija kanisani anakalishwa mbele na sisi tunapiga makofi. Baba, miti itaota tena. Wewe nilikuzaa mara moja.

Mimi mama yako,
Zipporah


Nairobi, 9 Aprili 1994

Mama mpendwa,

Hujambo, na kuku wako hawajambo? Mama za wale vijana wa filamu hawakuonyeshwa. Nilicheka kwa swali lako, kisha nikaacha kucheka.

Habari yetu imetoka, na jina la mheshimiwa liko ukurasa wa kwanza. Kuna watu wananitafuta, kwa hiyo nimehamia kwa Philip, Kariobangi, nyumba ya bati ya kijani nyuma ya kanisa. Nakwambia wewe tu, usikose usingizi. Usimwambie mtu usiyemjua.

Krismasi nakuja. Firigisi ni yangu!

Mwanao,
Were


Kakamega, 24 Aprili 1994

Were baba,

Habari ya siku? Leo nina furaha. Rafiki yako wa gazetini, Cornelius, alikuja. Mrefu, koti safi. Akaniita Mama Were, akasifu boma. Hapa kwetu mgeni haulizwi safari kabla hajala, wewe wajua. Nikachinja yule jogoo mwekundu niliyekuwekea Krismasi, nikasonga obusuma, ugali wa wimbi. Firigisi nikampa yeye, maana anayeleta habari za mtoto ni kama mtoto mwenyewe. Akaiacha kando ya sahani. Nikasema labda ni mambo ya mjini.

Alikula polepole, anasikiza tu. Niliongea, baba, mpaka nikaona kama nilizaa wawili. Akasema amebeba nguo zako ila hajui ulikohamia. Nikamwelekeza. Ulisema nisimwambie nisiyemjua, lakini mtu akishakula kwangu namjua.

Nguo zimefika?

Mimi mama yako,
Zipporah


Kakamega, 15 Mei 1994

Were baba,

Hujambo? Nauliza kwa sababu barua huanza hivyo.

Philip alikuja. Hakutaka kukaa. Alisema barua yangu ilifika wewe ukiwa umeshachukuliwa. Watu wanne, mmoja mrefu, ana koti. Polisi wanasema hawana mtu kama wewe. Nikamuuliza, “Gazetini kwenu kuna Cornelius?” Akasema hakuna.

Jumapili mheshimiwa alikuwa kanisani, mbele pale pale. Watu wakapiga makofi. Mimi nilikalia mikono yangu.

Ile filamu yako naiwaza. Wanapewa mkate, wanakula polepole, mwenye nyumba anaongea. Uliniandikia yote, nikasoma mara mbili, na bado nikapika.

Barua hii naituma kwa bati ya kijani. Sijui pengine pa kuituma.

Siku hizi mgeni akija namuuliza kwanza, akiwa bado amesimama: umetoka wapi, wewe ni wa nani? Majirani wanasema Mama Were amekuwa mchoyo. Wacha waseme. Kuna jogoo mwingine, mdogo, ndio kwanza anaanza kuwika.

Wewe ukija usibishe. Ingia tu. Sitakuuliza kitu.

Mimi mama yako,
Zipporah