Bolti ya Lori ya Babake Anita

Muasya, leo nimeaibika. Nimeaibika kabisa!

Si lori ya babake Anita wangu imepata pancha hapa Dagoretti Corner, tairi ya kushoto? Nikajipeleka na shati yangu nyeupe. "Mzee, wewe kaa tu, hii ni kazi ndogo."

Saa nzima, Muasya! Nati imekataa. Nikaongezea sipana paipu iwe ndefu, nikairukia. Bolti ikakatika KRAA! Kile kipande kilichobaki nimekitoa na nyundo.

Mzee ametulia, anakula mahindi choma. Ndio akasema, "Hizi lori za zamani, tairi za kushoto hufunguliwa kinyume. Ulikuwa unakaza."

NILIKUWA NAKAZA!

"Sasa mzee, mbona hukuniambia?"

"Si uliniambia nikae?"

Na Jumamosi ndio tunaenda kwake kuomba msichana. Muasya, wewe ndio utaongea.