Mguu wa Kaka Ntandu

Mpendwa kaka Ntandu,

Shikamoo. Mwaka umepita tangu tukuzike, na uwele tuliopanda wiki ile ya msiba umeshavunwa na kuliwa. Mama hajambo, ila macho yamempungukia, siku hizi anatutambua kwa sauti. Mume wangu Mughenyi amekaa hapo mlangoni anachonga mpini wa jembe. Anajua ninachoandika, maana ndiye aliyeniomba niandike. Barua hii haitafungwa. Keshokutwa ukoo utakusanyika hapa nyumbani kukukumbuka, nami nitaisoma mbele ya wote, wakiwamo wale niliowahi kugombana nao kisimani kwa ajili ya mguu wako.

Nianze na yale tunayoyajua wote.

Ulikuwa mchunga ng'ombe mbaya kuliko wote hapa kijijini Mwankoko. Mimi nilikuwa nakuletea chakula kule ziwani, pale ardhi inapokuwa nyeupe kwa chumvi, na kabla sijakuona nilikuwa nakusikia ukimwita Mughenyi: "Njoo, nizuie! Nizuie kama unaweza!" Mpira wenu ulikuwa matambara yaliyokazwa kwa kamba za magome. Yeye alikuwa mrefu, mzito, hasemi sana. Wewe ulikuwa mwembamba na mguu wako wa kushoto haukutulia hata ukiwa umekaa. Mlicheza wawili tu, mmoja anapita, mmoja anazuia, mpaka ng'ombe wakaingia kwenye mtama wa watu. Baba alikuchapa. Mama hakukuchapa, alisema tu, "Mwanangu, mpira hauna maziwa." Ukamjibu, "Una mbio, mama," ukachapwa mara ya pili kwa kumjibu.

Baba alipofariki ulijiandikisha manamba wa mashamba ya mkonge kama vijana wengi wa huku. Lori liliwachukua asubuhi, likapita Ikungi, likapita Mkiwa, mpaka Itigi kwenye gari moshi. Mama alikusindikiza mpaka barabarani, hakulia mbele yako. Mwaka mzima hatukupata neno. Kisha ikaja barua ya kwanza kutoka Morogoro, na kwa kuwa mimi peke yangu nilikuwa nimesoma shule ya misheni, ndimi niliyewasomea. Naikumbuka karibu yote. Uliandika: "Nimetolewa kwenye kukata mkonge. Bwana shamba wetu ni Mgiriki, aliniona nikicheza Jumapili kambini. Sasa naitwa karani wa stoo, lakini stoo yenyewe sijaingia hata siku moja. Kazi yangu ni mpira."

Mama akauliza, "Karani asiyeandika ni karani gani?"

Baba mdogo akasema mji wa pwani umekuharibu. Nikamwambia Morogoro si pwani. Akaniambia nisome, nisijibu.

Barua zako zikawa zinafuatana. Mara mmecheza na watu wa reli, mara mmekwenda Dar es Salaam, mara umepewa daluga na zimekuchubua vidole vyote hata ukaomba ucheze peku, refa akakataa. Halafu ikaja ile iliyofanya mwalimu wa misheni mwenyewe aje nyumbani kwa miguu: umechaguliwa timu ya Tanganyika, mnakwenda kucheza na Uganda. Ndani yake kulikuwa na picha. Mmejipanga mistari miwili, nawe umechuchumaa mbele, mikono magotini, umenuna kama mtu anayepigwa sindano. Mama aliitazama muda mrefu, akasema, "Amekonda. Nani anampikia?"

Lakini wewe hukunificha mengine. Uliniandikia peke yangu, kwenye kikaratasi kilichokunjwa ndani ya barua, kwamba goti linauma. "Nikiumwa, Mgiriki haniulizi ninaumwa wapi. Ananiuliza kama Jumapili nitakuwa nimepona. Watu wanalitaja jina langu barabarani, mdogo wangu, lakini nikilala najiuliza siku miguu ikichoka nitaitwa nani." Sikumsomea mama kikaratasi hicho. Ndiyo ilikuwa siri yangu ya kwanza na wewe, na niliionea fahari.

Kisha Mughenyi akaja kuniposa. Wazee walisubiri neno lako, wewe ndiye mkubwa wetu baada ya baba. Jibu lako lilikuwa mstari mmoja: "Namjua tangu tukichunga, ni mtu mkweli, mpeni." Nilicheka kwa furaha, nikauficha uso wangu ndani ya kanga.

Tulipanga kuoana baada ya mavuno. Na kabla ya mavuno wewe ukaja.

Kila mtu atakayesikiliza barua hii aliiona siku ile au alisimuliwa. Timu yenu ya shamba la mkonge ilikuwa inazunguka bara, imecheza Dodoma, inakwenda Tabora, na wewe ndiye uliyemwomba Mgiriki mpitie Singida. Ulisema mama yako hajawahi kukuona ukicheza. Basi vijana wa Singida wakaunda timu, na Mughenyi akawekwa beki. Mama alitembea toka Mwankoko mpaka uwanja wa chini ya boma akiwa na kibuyu cha maziwa ya mgando kichwani, maana alisema hawezi kwenda kumwona mtoto mikono mitupu. Bwana Shauri, Mzungu wa serikali, alikuwa amekaa kwenye kiti na kofia yake. Upepo ulikuwa unarusha vumbi kama kawaida yetu, na watu walikuwa wamepanda hata juu ya majabali.

Ulipotoka na jezi yako, uwanja mzima uliita jina lako. Mama akanishika mkono. "Hawa wote wanamwita mwanangu?"

"Ndiyo, mama."

"Wamemjulia wapi?"

Mpira ulikuwa umeshakufikia. Kaka, sijaona kitu kizuri kama kile. Ulimkimbilia Mughenyi kama zamani ziwani, ukasimama ghafla, yeye akapita na vumbi lake, wewe ukabaki na mpira. Watu wakacheka. Ulimfanyia hivyo tena. Mara ya tatu ukaupitisha mpira katikati ya miguu yake, ukamzunguka, ukafunga goli, na watu walianguka kwa kicheko. Nami nilicheka. Nilicheka kwa sauti kubwa mpaka nikainama, maana wawili niwapendao kuliko wote duniani walikuwa wanacheza kama watoto, na mama alikuwa amesimama amenyanyua kibuyu juu kama kombe.

Kipindi cha pili ulimjia tena. Mimi nilikuwa nageuka kumfuta mama vumbi usoni. Nilisikia tu sauti, kavu, kama kuni. Nilipotazama ulikuwa chini, Mughenyi amesimama juu yako, mikono kichwani.

Ulibebwa kwa lori mpaka hospitali ya misheni. Miezi minne ulilala pale. Masista walikutunza vizuri, mfupa ukaunga, lakini mguu ule wa kushoto ukatoka mfupi kuliko mwenzake. Barua ya Mgiriki ilikuja ikisema amesikitika, na kwamba karani mwingine wa stoo amepatikana. Uliisoma mwenyewe, ukaikunja, ukaomba ugali.

Ukoo ulikutana. Nililia kuliko siku ya msiba wa baba. Baba mdogo alisema ng'ombe wa mahari warudi, kwamba binti wa nyumba hii hataolewa na mtu aliyemvunja kaka yake kwa kusudi, kwa wivu, mbele ya macho ya watu. Ndipo ukaingia na magongo yako. Hakuna aliyekutegemea. Ulibaki umesimama ingawa walikupa kigoda.

"Baba mdogo, shikamoo. Mguu uliovunjika ni wa nani?"

"Marahaba. Ni wako."

"Basi hasira yake ni yangu, na mimi sina. Mpira una ajali. Msimuonee mtu."

"Na sisi tulioona?"

"Ninyi mliona kwa mbali. Mimi nilikuwa pale."

Ukaisha mjadala. Niliolewa. Wewe mwenyewe ulinitoa mpaka mlangoni ukichechemea, na toka siku ile yeyote aliyesema mume wangu alikuvunja kwa kusudi aligombana na mimi. Mke wa baba mdogo alilisema kisimani, nikammwagia ndoo ya maji, hatujasalimiana miaka kumi na moja. Nilikuwa na neno lako mkononi kama fimbo: kaka yangu alikuwa pale, kaka yangu amesema.

Na hukuwa mtu wa kukaa kujihurumia. Mwaka mmoja tu ulikaa nje ukitazama barabara. Halafu ukaanza kuwafundisha vijana wa Mwankoko, na wa Ikungi wakaja, na wa Mkiwa, unawapigia mluzi umeegemea gongo. Ulikuwa mkali. "Mpira unachezwa na kichwa, miguu ni watumishi!" Wawili kati yao leo wanacheza Dar es Salaam, na kila mmoja ulimwambia kabla hajapanda lori, "Jifunze na kazi nyingine." Mughenyi ndiye aliyekuwa akikulimia shamba. Kila msimu, kabla ya kulima letu, alilima lako. Nilidhani ni mapenzi ya urafiki. Kichomi kilipokuchukua, yeye ndiye aliyekuinua kitandani unywe maji, naye ndiye uliyemkodolea macho mpaka mwisho. Nilikuwa pale. Nilidhani naelewa.

Siku arobaini zilipokwisha, Mughenyi aliniita tukiwa shambani mchana, akanikalisha juu ya jiwe.

"Mke wangu, nilimpiga kwa kusudi."

Nilifikiri amechanganyikiwa na jua.

"Mpira ulikuwa umeshapita," akasema. "Niliuona umepita. Sikutaka kumvunja, nilitaka aanguke, nao wacheke yeye. Walikuwa wananicheka uwanja mzima. Na katikati ya vicheko vyote nilisikia chako."

Akaniambia kwamba alikuja kwako hospitalini wiki ya pili kukuungamia, na kabla hajamaliza ulimwambia, "Najua. Nilikuona macho." Akakuuliza utafanya nini. Siku mbili baadaye ukamwita tena, ukasema: "Utamwoa, na utamtunza. Lakini usimwambie wakati mimi ni mzima. Atakibeba kile kicheko kila auonapo mguu huu. Nikifa, mwambie, usibaki na uongo peke yako."

Kaka, nilikwenda kwa mama nikakaa wiki tatu. Sikupika, sikusuka. Siku moja nikamweleza. Mama alikuwa anapepeta uwele, akaendelea kupepeta.

"Niliona," akasema.

"Uliona nini?"

"Wewe ulikuwa unanifuta uso. Macho yangu yalikuwa mazima siku hizo. Niliona mpira unapita, niliona mguu unakuja. Kaka yako akasema ni ajali, nikasema kama yeye amesamehe, mimi ni nani?"

Kumbe mlijua wote watatu. Aliyekuwa hajui ni yule aliyekuwa anaolewa.

Kwa hiyo yasikie, kaka, kwa heshima zote ninazokupa. Kicheko changu sikibebi. Nilicheka kwa furaha, na mwanamume aliyekisikia akainua mguu wake, mguu ulikuwa wake. Hilo nimemwambia Mughenyi usoni, na amekubali. Ulidhani nitavunjika, ukanificha kama nilivyomficha mama kile kikaratasi cha goti. Naelewa ulivyofanya. Lakini uliwaambia wazee mguu ni wako na hasira ni yako, wakakusikiliza. Na ndoa ilikuwa ya nani?

Nilirudi kwake wiki ya nne. Hakuna aliyenituma. Nilifikiri juu ya mtu aliyelima shamba la mwenzake miaka kumi na moja bila kuambiwa, ambaye hajawahi kuninyanyulia sauti, na ambaye angeweza kuzikwa na siri yake, asijue mtu. Nilimkuta anawakogesha watoto. Nikachukua maji, nikakaa upande wa pili kumsaidia.

Ni yeye aliyesema kwamba haitoshi kuniambia mimi. Watu walioliona jambo kwa macho yao wameitwa waongo kwa sababu yetu. Keshokutwa nitakapofika hapa kwenye barua, atasimama. Mama mdogo, nawe upo unasikiliza: nilikumwagia maji kwa kusema kweli. Nisamehe. Nitakuja kwako asubuhi na ndoo yangu, nikutekee maji.

Baba mdogo anaweza kuondoka kwa hasira. Wengine wanaweza kumtemea mate mume wangu. Tumeshaongea, tupo tayari.

Nawe kaka, pumzika. Ulikuwa winga wa Tanganyika, na jina lako bado linatajwa uwanjani na watu ambao hawakukuona. Nimekulilia mwaka mzima, nimekukasirikia nusu yake. Nikikuona tena siku ya siku, nitakuamkia kwanza. Kisha nitakuambia hivi: ungeniuliza pale hospitalini, mwaka ule ningekataa kuolewa. Mwaka uliofuata ningekubali. Mume angekuwa huyu huyu, watoto hawa hawa, nyumba hii hii. Ila ningekuwa nimeingia na macho yangu yamefunguka, kama nilivyorudi wiki ile ya nne.

Ni mimi, mdogo wako wa kike, msomaji wa barua zako
Mwankoko, Singida