Ufa Juu ya Nyumba Kumi na Tisa

3 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima, ila goti la kushoto linanikumbusha umri kila nikipanda mlima. Wewe na ramani zako mnaendeleaje huko mjini?

Nakuandikia kwa sababu wewe unaelewa mambo ya ardhi. Jumatatu nilipanda kitongoji cha juu kumwangalia mke wa mhunzi, mimba yake ina miezi minane. Nyuma ya nyumba ya mwisho nikakuta ardhi imepasuka, ufa mrefu unaofuata ubavu wa mlima. Niliingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Na chemchemi ya pale sasa inatoa matope. Watu wanasema ni mvua tu. Mimi moyo umekataa.

Mama yako


9 Machi

Mama,

Shikamoo. Mimi sijambo, pole na goti.

Barua yako nilimsomea mkuu wetu wa ofisi, mzee aliyepima milima miaka thelathini. Alivua miwani, akasema, "Mjibu leo hii." Chomekeni vigingi viwili, kimoja kila upande wa ufa, na mpime kwa kamba kila asubuhi. Nafasi ikiongezeka, watu wote wahame, wasingoje mvua ikatike.

Nilitazama ramani ya wilaya yetu. Huko juu tumeandika "malisho", hakuna hata nyumba moja. Nimeona aibu, Mama.

Tafadhali usilale huko.

Mwanao


17 Machi

Mwanangu,

Hatujambo kwa kadiri ya hali. Vigingi nimechomeka mwenyewe. Wananitania eti mkunga nimeanza kupima mimba ya mlima. Siku ya nne nafasi ilikuwa imeongezeka kiganja kizima, na utani ukaisha.

Nilipita nyumba zote kumi na tisa. Wabishi niliwaambia, "Wewe nilikupokea kwa mikono hii, leo nisikilize." Familia kumi na nane zimeshuka, zinalala madarasani shuleni. Imebaki ya mhunzi. Mkewe amevimba miguu, hawezi kutembea, naye mhunzi anaunga machela ya mabomba. Mama yake mzee hataki hata kusikia habari ya kuhama.

Uliniambia nisilale huko juu. Nimelala siku tatu. Mjamzito nimwachie nani? Nisamehe.

Mama yako


28 Machi

Mama,

Shikamoo. Redio imesema mlima umeporomoka na barabara imekatika. Hawakutaja vitongoji. Hii ni barua ya pili wiki hii. Nimeomba ruhusa kazini, lakini magari yanarudishwa njiani.

Niandikie hata neno moja.

Mwanao


6 Aprili

Mwanangu,

Mimi ni mzima. Naanza na hilo ili upumue. Barua hii nimempa muuguzi anayeshuka kwa miguu.

Tarehe ishirini asubuhi tulimpakia mke wa mhunzi kwenye machela, wanaume wanne wakabeba. Mama mkwe alijifungia ndani kwa komeo. Tulipovuka kijito na kufika ng'ambo, uchungu ukamshika. Nikamwambia mhunzi, "Kaa na mkeo, mimi narudi kumtoa bibi."

Akanikatalia. "Kwa goti hilo, mama? Na mtoto atapokelewa na nani? Shikilia hapa, narudi sasa hivi."

Tulimwona akipanda mbio. Tukamwona anagonga mlango. Mlango ukafunguliwa, akaingia. Kisha mlima ukashuka, mwanangu. Kwanza kama gunia linalomwagwa, halafu ngurumo isiyokwisha. Mlima ulipotulia, hapakuwa na nyumba hata moja.

Wale wanaume walishika shuka kumsitiri mzazi, nyuso zao wamezigeuza, wanalia. Mimi sikuwa na nafasi ya kulia. Mtoto alikuwa anakuja. Ni wa kike, na ana nguvu.

Mhunzi na mama yake hawajapatikana. Mhunzi naye nilimpokea mimi, alitanguliza miguu, nikahangaika naye kutwa nzima. Kila siku najiuliza ingekuwaje kama ningekwenda mimi. Hilo usinijibu.

Juzi mkewe aliniuliza mumewe alisema nini mara ya mwisho, maana uchungu ulimzuia kusikia. Nilitafuta maneno mazuri ya kumpa, nikayaona ni ya uongo. Nikamwambia vilevile alivyosema: "Narudi sasa hivi."

Akamhamishia mtoto kwenye titi la pili. Nikakaa naye.

Mama yako