Mbuzi Mmoja wa Semina ya Ubaguzi

Mama Akiru, binti yangu, ejok, hujambo! Watu wa lori wanaokuja huko Katilu watakuambia nilipigania nyama nilipotembelea shule ya Akiru hapa Kakuma. Waongo! Sikia mimi. Asubuhi nzima wanafunzi wamefundishwa ubaya wa ubaguzi. Saa ya chakula mpishi anasema, "Wenyeji kwanza. Wakimbizi wangoje." Na mbuzi mwenyewe ni mmoja! Nikaruka: "Wewe! Hata mimi mgeni, nimetoka Katilu. Nangoja na wao!" Darasa lote likanifuata kwa laini ya wakimbizi, mpishi akabaki na mwiko wake. Bado nachemka. Mungu akuchunge, na usibebe mitungi miwili na huo mgongo.

Sasa Akiru, anayeniandikia, ameweka kalamu chini. Haya, andika: aliyeruka kwanza ni yeye. Mimi mdomo ulikuwa umeshajaa nyama ya wenyeji.