Nilimdanganya Mwalimu Mkuu Maana ya Neno la Kiingereza

Mpendwa Mshauri,

Pokea salamu nyingi kutoka hapa Babati, sisi wazima, mvua imenyesha vizuri na mahindi yameshika, ila mimi mwenyewe nina jambo linaloninyima raha na naomba unisaidie kabla mkaguzi wa shule hajafika, maana akishafika litakuwa limeharibika. Tafadhali usichape majina yetu.

Mimi ni mwalimu wa Kiingereza wa darasa la sita katika shule moja huku Nakwa, nina miaka thelathini na miwili, mume wangu Damiani ni mkulima, tuna watoto wawili. Hali unaijua ilivyo, vitabu hakuna, chaki moja tunaivunja vipande vitatu, na mwaka jana nilipokwenda kununua karanga kwa mzee Teodori pale sokoni nikakuta anazifungia katika kurasa za kamusi ya Kiingereza, nikamwomba sana aniachie zilizobaki, akakubali nimpelekee magazeti ya zamani badala yake, kwa hiyo nikapata kurasa kuanzia herufi C mpaka M, na hicho ndicho kitabu cha darasa zima.

Sasa kwa kuwa maneno mengi humo ni magumu, mengine hata mimi sijawahi kuyasikia, nikabuni mchezo, kila neno la Kiingereza tunalitafutia ndugu yake wa Kiswahili anayefanana nalo kwa sauti, kwa mfano hullabaloo ni makelele na vurugu, watoto wakasema "hula balaa", maana mpiga kelele darasani hula balaa, na lullaby ni wimbo wa kumbembelezea mtoto, wakasema "lala, bai", na dawdle ni kujivuta njiani, wakasema huyo "amedoda", na Mshauri, sijawahi kuona watoto wakipenda Kiingereza namna hii, wanawahi shuleni, wanayaimba wakichota maji, na wazazi ambao nyumbani wanaongea Kiiraqw wananisimamisha njiani kuniuliza neno la wiki.

Basi siku moja nikafungua ukurasa wenye neno cantankerous, yaani mtu mgomvi, wa kununanuna, asiyeridhishwa na kitu, tunalitamka kantankerasi, tukalitafutia ndugu mpaka tukachoka, ndipo binti mmoja anaitwa Naini, Mmasai wa Simanjiro anayekaa kwa shangazi yake hapa mjini, akanyoosha kidole akasema taratibu, "Mwalimu, ndugu yake si Paskasi?"

Mshauri, Paskasi ni Mwalimu Mkuu wetu. Darasa likaangua kicheko, na mimi badala ya kukemea nikacheka mpaka nikaegemea meza, kwa sababu kwa kweli huyu mzee anagomba kuanzia kengele ya kwanza, anagomba na wanafunzi, anagomba na walimu, anagomba na mbuzi wanaoingia shamba la shule. Kesho yake wasichana wakawa wanaruka kamba kwa kuimba "Paskasi, kantankerasi", naye akasikia, akaniita ofisini.

"Mwalimu Xaveria, hao watoto wananiimba nini?"

"Ni Kiingereza, Mwalimu Mkuu."

"Kwamba ni Kiingereza nimesikia. Maana yake?"

Nikasema, "Ni mtu mwenye msimamo. Asiyeyumbishwa."

Akavuta koti lake likanyooka, akatabasamu, akasema, "Watoto wanaona mambo."

Tangu hapo neno limekuwa lake, kwenye mkutano wa wazazi alijiita hivyo mara tatu, katekista naye akaambiwa, na mwezi ujao anakuja mkaguzi kutoka mkoani ambaye Kiingereza anakijua sawasawa, Mwalimu Mkuu ameshaandika hotuba ya kumkaribisha na amenipa niinakili kwa mwandiko wangu, na ndani yake ameandika kwa Kiingereza kwamba yeye ni cantankerous na walimu wake wote amewafundisha kuwa cantankerous.

Kinachoniumiza zaidi ni kwamba mtu huyu si mbaya, Damiani alipozidiwa na malaria na hakuna gari lililokuwa na mafuta, ni yeye aliyempakia kwenye baiskeli yake akamsukuma mpaka hospitali, akigomba njia nzima, na hajawahi kulitaja tena. Nimefikiria kulibadilisha lile neno kimyakimya wakati wa kunakili, au kujifanya mgonjwa siku hiyo. Nikisema kweli naogopa ataomba nihamishwe, Naini atachapwa, na mchezo wetu ndio utakuwa mwisho wake. Nifanyeje?

Wako,
Xaveria, Mama Cornel

JIBU

Mwalimu Xaveria, nimekujibu kwa posta siku ileile barua yako ilipofika, kwa sababu gazeti lisingekuwahi.

Nikupe pole kwanza, halafu nikugombeze. Kicheko sikulaumu sana. Hata mimi nimecheka peke yangu hapa mpaka karani akaja kuchungulia. Lakini uongo ni mali yako. Mtu amekuuliza swali la wazi, anakuamini kwa kuwa wewe ndiye mwalimu wa lugha, ukampa neno la aibu ukamwambia ni sifa. Na mkutano wa wazazi ukapita ukiwa umekaa palepale, umenyamaza! Hapo ndipo uliponikasirisha, mama. Hofu ya dakika moja ofisini ninaielewa. Kunyamaza mpaka leo baada ya mkutano sikuelewi.

Kulibadilisha neno usithubutu. Amelipenda, amelikariri, atalisema hata kama halimo kwenye karatasi. Na akigundua umeichezea hotuba yake, utakuwa na makosa mawili badala ya moja. Ugonjwa wa kujifanya nao hautaziba masikio ya mkaguzi.

Sikiliza. Jumamosi nenda nyumbani kwake. Ofisini usiende, walimu wenzako hawana haja ya kusikia. Mwamkie, kaa, usizunguke na habari za mvua. Mwambie maana halisi, mwonyeshe ukurasa wenyewe. Sema wewe ndiye uliyecheka na wewe ndiye uliyedanganya. Usijitetee kwamba ulikuwa utani. Jina la mtoto usilitaje. Mtu mzima darasani alikuwa mmoja tu, nawe unamjua. Akigomba, mwache agombe mpaka amalize.

Kisha usimwache mikono mitupu. Tafuta katika kurasa zako neno ambalo kweli lina ile maana uliyomwambia, umpelekee. Alifurahi kuitwa mtu wa msimamo, na kwa uliyonisimulia kuhusu mumeo, anastahili.

Mchezo wenu endeleeni nao, ila majina ya watu yasiingie tena. Ukishatoka kwake, niandikie.

BARUA YA PILI

Mpendwa Mshauri,

Jumamosi nilikwenda kama ulivyoniagiza. Mkewe, Mama Severine, akanipa kiti na kikombe cha uji usio na sukari, Mwalimu Mkuu yupo uani anatengeneza mnyororo wa baiskeli, nikamwamkia, nikasema yote kwa pumzi moja, nikampa ukurasa. Akausoma polepole, kidole kikifuata mstari.

"Na wewe ulicheka?"

"Nilicheka, Mwalimu Mkuu. Nisamehe."

Mkewe akasema kutoka jikoni, "Hata mimi ningecheka, Baba Severine."

"Mkutano mzima wa wazazi," akasema. "Mbele ya katekista." Akagomba kweli, Mshauri, akagomba mpaka kuku wakatawanyika, nami nikamwacha. Alipomaliza alikuta nalia, akaketi juu ya ndoo.

"Usilie. Mimi Kiingereza nilifundishwa kwa fimbo, Mwalimu. Maneno nikayasahau, fimbo bado nazikumbuka. Ndiyo maana siingii kwenye kipindi chako. Naogopa mtoto ataniuliza kitu."

Sikuwa najua hilo, na nadhani hakuna anayelijua pale shuleni. Nikampa neno nililomtafutia, indomitable, tunalitamka indomitabo, nikamwambia hili kwa hakika ni mtu asiyeshindwa na jambo, na yeye ndivyo alivyo. Akalirudia mara tatu, akaweka koleo chini.

"Dodoma taabu," akasema.

"Nini, Mwalimu Mkuu?"

"Ndugu yake. Nilipomaliza chuo cha ualimu Dodoma, basi lilikwama kwenye matope baada ya Kondoa. Nikatembea siku mbili na sanduku kichwani mpaka Bonga. Dodoma, taabu, na nikafika!" Akaniangalia kama mwanafunzi anayesubiri alama. Nikampa vema.

Mkaguzi alifika siku tatu baada ya tarehe yake, juu ya lori la vitunguu. Mwalimu Mkuu akasoma hotuba kwa Kiswahili, akaweka neno moja tu la Kiingereza, hilo lake. Mkaguzi akauliza amelipata wapi. Akajibu, "Darasa la sita wananifundisha." Basi mkaguzi akaketi nyuma ya darasa langu kipindi kizima, akaandika ndugu wawili wa maneno yetu kwenye daftari lake aende nao. Majina yetu unaweza kuyachapa, Mwalimu Mkuu amekubali.

Ila mkaguzi alipoondoka, asubuhi yake Mwalimu Mkuu akaingia darasani kwangu. Watoto wakasimama, shikamoo Mwalimu, marahaba, akawaambia wakae.

"Nani alianza ule wimbo wa jina langu?"

Mimi nikasogea mbele nikitaka kusema, ila Naini alishasimama.

"Mimi, Mwalimu."

"Ulisema mimi na lile neno ni ndugu."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Bado ni ndugu?"

Naini akafikiri.

"Jumatatu tu, Mwalimu."

Mwalimu Mkuu akatugeuzia mgongo, akatazama ubao muda mrefu. Ni mtoto wa dawati la mbele aliyeona mabega yake yanatikisika, akawaambia wenzake kwa sauti kwamba mzee anacheka.

Wako mwenye shukrani,
Xaveria