Nguzo za Farasi Mbele ya Mahakama

Jumatano, 6 Agosti 1913

Joto. Dukani nimeuza lijamu mbili na mkanda mmoja wa jembe la farasi, basi. Saa nne wakaja kina mama wa Chama cha Kupendezesha Mji, sita, kofia kubwakubwa, nikakosa pa kusimama kwenye duka langu mwenyewe! Wanataka nguzo za kufungia farasi zing'olewe zote kuzunguka uwanja wa mahakama. Samadi, harufu, nzi. Bi. Cutler ndiye msemaji wao — eti mji wenye taa za umeme hauwezi kunuka kama zizi. Nikamwambia zizi hilo ndilo linalonilisha, mimi nauza matandiko ya farasi. Wenzake wakacheka. Yeye wala.

Jambo linafika barazani Jumatatu. Lyman, karani wetu, kashawapima madiwani: watatu wanataka, watatu hawataki. Meya hapigi kura ila zikilingana. Miaka minne ya umeya sijapiga hata moja, na nilikuwa nimezoea raha hiyo.

Alhamisi, 7 Agosti

Mvua kidogo. Supu ya maharagwe. Sina hamu ya kuandika.

Jumamosi, 9 Agosti

Siku ya wakulima kuja mjini. Farasi kila nguzo, huoni hata ngazi za mahakama. Gus Ahlquist kaja dukani. Ananunua hapa tangu enzi za baba yangu. Leo hakununua kitu. Kakalia pipa la misumari, kaniangalia weee.

— Nasikia unatufukuza, Bwana Meya.

— Sijasema neno, Gus.

— Ndiyo maana nimekuja. Mtu asiyesema neno ndiye wa kuogopa!

Tukacheka wote wawili. Halafu kanieleza bila kupandisha sauti: nguzo zikitoka, wao wote watahamia mji jirani wa Dalton Grove, kila kitu watanunua huko, hadi sindano. Hao wake zenu wa mjini waje kununua hatamu kwako, kasema. Hakuwa akinitisha. Gus hajui kutisha. Na ni kweli, bila wakulima nitafunga duka kabla ya Krismasi.

Alipofika mlangoni akageuka. Unakumbuka siku ya mazishi ya Fern tulifunga wapi farasi zetu? Nakumbuka. Magari ya farasi arobaini, katikati ya mavuno, na hakuna aliyebaki shambani. Hakukosea kulisema. Ila afadhali asingelisema.

Fern, binti yetu. Oktoba angetimiza miaka mitatu. Alikufa kwa kuhara, Agosti mwaka juzi. Aliugua siku tano tu.

Jumapili, 10 Agosti

Mahubiri marefu, nikasinzia. Nje nikamshika mkono Daktari Pruitt, nikamuuliza lile nililoogopa kuuliza miaka miwili. Ni nzi waliomletea Fern ugonjwa? Akavua miwani, akaifuta. Akasema majira yale walikufa watoto tisa, na saba kati yao waliishi hatua chache tu kutoka uwanja wa mahakama. Hawezi kuapa. Lakini angekuwa na mtoto mchanga, angehama.

Sisi tunaishi juu ya duka. Dirisha la Fern linaangalia nguzo.

Mchana kuku wa kukaanga na mahindi mabichi. Della, mke wangu, alikula vizuri. Sikumwambia kitu. Mimi naye hatujalitaja jina la Fern mezani tangu mazishi. Nimekaa kibarazani hadi jua likazama, nikiwasikiliza farasi wakipiga kwato. Maisha yangu yote naipenda sauti ile. Leo imenichoma.

Jumatatu, 11 Agosti

Naandika chumbani kwa karani. Tatu kwa tatu! Nimeomba dakika kumi, wamenipa. Ukumbi umefurika, wakulima kushoto, kina mama kulia. Utadhani harusi ya koo zisizopatana.

Della kaingia hapa bila kubisha. Sikujua hata kama yumo ukumbini. Kasema alishakwenda kwa Daktari Pruitt mwaka jana, peke yake, akauliza swali lile lile. Mwaka mzima anajua! Anapika, anafua, anakaa dirishani kushona, na anajua. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia.

— Ungevunjika, Orrin. Ningekuokota kwa kitu gani?



— Ukiziacha nguzo, nitaelewa. Duka ni letu sote, na njaa ni ya wote. Lakini usije kuniambia umeziacha kwa sababu ya mazishi ya Fern.

Akataja jina. Akaninyooshea tai, akatoka. Nimelia kidogo. Naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa.

Lyman anagonga. Kasema watu wameanza kupiga miguu sakafuni. Gus kakaa mstari wa mbele kabisa, amevua kofia, yeye asiyeivua hata mbele ya jaji. Nitakaposema nguzo zing'olewe, nitamtazama yeye usoni. Anastahili hilo. Naja, Lyman, naja —